Ngome Isiyofundishwa

Ndugu msomaji, katika sura hii nataka kuzungumza juu ya mchezo ambao huenda hujapata kuuona, wa nchi ambayo huenda hujapata kuifika. Nakuomba univumilie. Mimi mwenyewe nimeishi miaka sabini na ushei bila ya kujua ndewe wala sikio juu ya mchezo huo, na sikuona kama nimepungukiwa na kitu. Nilipoujua, ulinikumbusha barua moja niliyoiandika nikiwa mkuu wa chuo, barua ambayo kwa miaka mingi nilijitahidi kutoikumbuka.

Binti yangu wa pili ni muuguzi. Yeye na mumewe wamefanya maskani yao Los Angeles, Marekani. Mnamo Novemba 2022 walinikatia tiketi nikaenda kuwatembelea. Nilimkuta mjukuu wangu, kijana wa miaka kumi na minne, amekuwa mtu wa dini mbili: shule siku tano, na Jumamosi timu ya Trojans, ambayo ni timu ya Chuo Kikuu cha Southern California. Shuka zake nyekundu, kofia yake nyekundu, na daftari lake la hesabu limeandikwa jina la timu kwa wino wa dhahabu.

"Babu," aliniambia siku ya pili, "ukikaa hapa lazima uwe na timu."

Nikamwuliza kama naruhusiwa kuwa mtazamaji tu, maana umri wangu hautaki presha. Akasema anayetazama tu bila ya timu ni jasusi wa wapinzani. Basi nikawa shabiki.

Nieleze mchezo wenyewe kwa ufupi. Wachezaji ni kumi na mmoja kila upande, na uwanja una urefu wa yadi 100. Wenye mpira wanapewa nafasi nne za kusogea yadi 10. Wakifaulu wanapewa nafasi nne nyingine. Wakishindwa mpira unakwenda kwa wenzao. Anayeuvusha mstari wa mwisho anaipatia timu yake pointi 6, na mpira ukipigwa teke ukapita katikati ya milingoti huongezeka pointi 1. Jambo lililonivutia ni kwamba kila timu ni timu mbili. Liko kundi la kushambulia na liko kundi la ngome, na hayaingii uwanjani pamoja. Kila kundi lina kocha wake na wasaidizi wake, na juu yao wote yuko kocha mkuu.

Muundo huo niliuelewa siku ile ile kwa sababu ndio muundo wa chuo cha ualimu: mkuu wa chuo, wakuu wa idara, wakufunzi, na mwishoni kabisa wanachuo, ambao ndio wanaofanya mtihani. Tena hawa ni wanachuo kweli, vijana wa miaka kumi na minane, ishirini, ishirini na mbili. Kanuni za michezo ya vyuo vya Marekani zinataka mazoezi yao msimu ukiwa unaendelea yasizidi saa 20 kwa wiki. Mimi mwalimu nikapiga hesabu papo hapo: saa 20 ni vipindi 30 vya dakika arobaini. Kwa vipindi 30 kila wiki, nikasema moyoni, mtoto anaweza kufundishwa jambo lolote.

Sasa niseme habari za timu. Mwaka 2021 Trojans walishinda michezo 4 na kupoteza 8, aibu kubwa kwa chuo chenye historia kama kile. Akaletwa kocha mkuu mpya, Lincoln Riley, kutoka Chuo Kikuu cha Oklahoma. Riley ni fundi wa kushambulia. Sifa zake zote zilitokana na kushambulia, na wakati wa mchezo ndiye anayechagua mwenyewe mashambulizi ya timu yake. Alipokuja alimleta Alex Grinch, aliyekuwa kocha wake wa ngome kule Oklahoma, amsimamie ngome hapa pia. Akaja na kijana Caleb Williams, kwotabeki wake, yaani yule anayepokea mpira kwanza na kuamua aurushe kwa nani. Mambo yakageuka kama ndoto. Msimu wa kawaida wa 2022 walishinda michezo 11 na kupoteza mmoja tu, tena kwa pointi moja, 43 kwa 42, mbele ya Utah. Mwezi Desemba Caleb Williams akapewa tuzo ya Heisman, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa chuo.

Lakini mkaguzi mzee haangalii jedwali la ushindi peke yake. Mchezo wangu wa kwanza kuutazama ulikuwa wa tarehe 2 Desemba 2022, fainali ya ligi yao, uliochezwa Las Vegas. Wapinzani walikuwa Utah wale wale. Trojans wangeshinda, wangeingia katika timu nne za kugombea ubingwa wa taifa. Walifungwa 47 kwa 24. Ni kweli kwamba Caleb Williams aliumia mguu siku hiyo, na mkwe wangu akalishika hilo kama utetezi. Mimi nikamwuliza swali la mshamba: yule kijana aliyeumia hachezi ngome, je, zile pointi 47 zilipitia kwenye mguu wake? Mkwe wangu, kwa heshima aliyonayo, aliinuka akaenda kuchemsha chai.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 2 Januari 2023, tuliketi tena mbele ya televisheni kutazama mchezo unaoitwa Cotton Bowl. Wapinzani walikuwa Tulane, chuo cha New Orleans, ambacho mwaka 2021 kilikuwa kimeshinda michezo 2 na kupoteza 10. Caleb Williams siku hiyo alirusha mipira iliyofika jumla ya yadi 462 na kuzaa mabao matano ya pointi sita. Zikiwa zimebaki dakika nne na nusu hivi, Trojans walikuwa mbele kwa 45 kwa 30. Mjukuu alikwisha kuvua viatu na kuanza kucheza ngoma juu ya kochi. Tulane wakafunga. Mchezaji wa Trojans akauvuruga mpira wa kuanzia karibu kabisa na mstari wao, na nafasi iliyofuata ikawapa Tulane pointi 2. Wakaupata mpira tena, wakatembea nao uwanja huo kama watu waendao sokoni, na zilipobaki sekunde 9 wakafunga bao lililowapa ushindi wa 46 kwa 45. Mbebaji mpira wao, Tyjae Spears, alikimbia yadi 205 peke yake na kufunga mara nne.

Nilikaa kimya. Mjukuu alilia, nami sikumkataza.

Usiku ule nilichukua kalamu nikaandika katika daftari langu makosa matatu, kama nilivyokuwa nikiandika nyuma ya darasa wakati wa mazoezi ya kufundisha. Nayaeleza hapa, maana ndiyo kiini cha uhakiki wangu.

Kosa la kwanza lilikuwa la njia. Mtoto wa kijijini akitoroka mbuzi hamkimbizi mbuzi pale alipo. Anakwenda pale mbuzi atakapofika. Walinzi wa Trojans mara nyingi walikimbilia mahali mbebaji alipokuwa, na walipofika yeye alikuwa amekwisha kupita. Vijana hawa wana mbio kuliko watu wengi duniani. Walichokosa ni kuchagua njia, na njia hufundishwa.

Kosa la pili lilikuwa la mikono na miguu. Kumwangusha mtu mwenye nguvu kuna utaratibu wake: kichwa juu, macho kifuani pake, mikono ifumbate, na miguu iendelee kusukuma hata baada ya kugusana. Wale vijana waligonga kwa bega kisha wakategemea mtu aanguke kwa adabu. Wapinzani hawakuwa na adabu hiyo. Yadi mbili zikawa kumi, na kumi zikawa thelathini.

Kosa la tatu ndilo lililonishtua, maana nililiona kwa wanafunzi wangu maisha yangu yote. Ngome hii ilifundishwa kuthamini sana kunyang'anya mpira. Grinch alikuwa akilisisitiza hilo tangu Oklahoma, na si jambo baya. Mwaka 2022 Trojans walikuwa miongoni mwa timu zilizoongoza nchi nzima kwa kuchukua mipira mingi kuliko waliyoipoteza. Lakini timu inayoishi kwa kunyang'anya hufanana na mwanafunzi anayesoma kwa kubahatisha maswali. Mwaka ambao maswali yake yanatoka, anafaulu na anasifiwa kuwa na akili. Mwaka ambao hayatoki, inaonekana kwamba silabasi hakuisoma. Ule ushindi wa michezo 11 ulikuwa umeficha daftari tupu.

Niliporudi nyumbani Tanzania nilidhani kwamba mambo haya yatarekebishwa. Kocha mkuu alisimama hadharani na kocha wake wa ngome, akambakiza. Msimu wa 2023 ukaanza, nami nikawa napata matokeo kwa simu kutoka kwa mjukuu. Walishinda michezo sita ya mwanzo, lakini hebu tazama ushindi wenyewe: 48 kwa 41 mbele ya Colorado, 43 kwa 41 mbele ya Arizona, tena baada ya nyongeza tatu za muda. Kisha wakafungwa 48 kwa 20 na Notre Dame, wakafungwa 34 kwa 32 na Utah, wakawashinda California kwa 50 kwa 49. Timu inayohitaji pointi 50 ili ishinde kwa moja ni sawa na baba anayeongeza mshahara kila mwezi huku mfuko wake umetoboka.

Binti yangu akanialika tena, na tarehe 4 Novemba 2023 mjukuu akanipeleka uwanjani kwa mara ya kwanza. Uwanja wao ni Coliseum, uliofunguliwa mwaka 1923, uliotumika kwa Michezo ya Olimpiki ya 1932 na ya 1984. Nilimweleza mjukuu kwamba mwaka 1984 Mtanzania Juma Ikangaa aliingia katika uwanja ule ule akimaliza mbio ndefu za marathoni, akawa wa sita duniani. Alinitazama kwa heshima mpya, kana kwamba mbio zile nilikimbia mimi.

Wapinzani siku hiyo walikuwa Washington, timu ambayo haikuwa imefungwa msimu ule na ambayo baadaye ilifika fainali ya taifa. Kufungwa nao hakukuwa aibu. Aibu ilikuwa namna. Mbebaji wao, Dillon Johnson, alikimbia yadi 256 na kufunga mara nne, na baadhi ya yadi hizo alizipata baada ya kuguswa. Nilijikuta nimesimama, mzee mzima mwenye bakora, napiga kelele kwa Kiswahili: "Mkabe! Mkabe huyo! Shika kiuno!" Watu wa mbele yangu waligeuka wakacheka, kisha wakaanza kupiga kelele na wao. Matokeo yakawa 52 kwa 42. Baada ya mchezo Caleb Williams alipanda kwenye viti vya watazamaji akajifunika kwa mama yake, akalia. Kijana alikuwa amefunga pointi za kutosha kushinda siku yoyote ya haki. Nilipomwona nilisema kwa sauti, na mjukuu alinisikia: "Huyo kocha wa ngome aondolewe. Leo hii."

Asubuhi ya kesho yake mjukuu aliniamsha. "Babu! Babu! Wamemwondoa!"

Ilikuwa kweli. Tarehe 5 Novemba Grinch alikuwa ameachishwa kazi. Mjukuu alitaka tusherehekee kwa maandazi ya bibi yake, yaliyokuwa yamegandishwa kwenye friji. Nami nilikaa kitandani na soksi moja mguuni, furaha isije. Nilichokiona mbele yangu hakikuwa Coliseum. Ilikuwa meza yangu ya zamani na ile barua.

Nilipopandishwa cheo kuwa mkuu wa chuo, mwanzoni mwa miaka ya tisini, niliomba niruhusiwe kumchukua mkufunzi mmoja niliyefanya naye kazi katika kituo nilichotoka. Nilikubaliwa. Alikuwa rafiki yangu na msomi hasa. Alifundisha mbinu za kufundishia Hisabati. Maazimio yake ya kazi na maandalio yake ya somo yalikuwa safi mno. Wageni kutoka wizarani walipokuja, ndiyo niliyokuwa nikiwaonyesha kwanza. Mimi mwenyewe ni mtu wa lugha. Nguvu zangu zote niliziweka katika Kiswahili, maigizo na kwaya, na chuo chetu kilisifika kwa mambo hayo katika kanda nzima.

Mwaka wa kwanza walimu wakuu wa shule za jirani walininong'oneza kwamba wanachuo wetu wanapokuja kwenye mazoezi wanajua kuandika andalio lakini hawajui kumsaidia mtoto aliyekwama kwenye kutoa kwa kukopa. Nikasema ni mwanzo. Mwaka wa pili wakanena bila ya kunong'ona. Nikasema wanachuo wa siku hizi ni wavivu. Miaka minne ilipita hivyo. Kila mwaka tulitoa walimu wa Daraja la IIIA wakatawanyika vijijini, na kila mmoja wao alikwenda kusimama mbele ya watoto arobaini, hamsini, sabini. Piga hesabu mwenyewe, msomaji. Mimi nimepiga mara nyingi.

Ukaguzi ulipokuja na kusema wazi, niliandika barua ya kumhamisha. Ilikuwa na mistari sita. Nilieleza kwamba mkufunzi huyo ameshindwa kufikia malengo ya idara. Nilisaini, nikapiga mhuri, na jioni ile walimu wenzangu wakanipongeza kwa uamuzi wa kishujaa. Alipokuja kuniaga hakulalamika. Aliuliza swali moja tu: "Mkuu, kwa miaka minne uliingia darasani kwangu mara ngapi?"

Sikumjibu, kwa sababu jibu lilikuwa sifuri. Nilisoma maandalio yake. Nilisaini maazimio yake. Darasani kwake sikuingia hata siku moja, kwanza kwa sababu nilimwamini, na pili, niseme kweli, kwa sababu Hisabati ilinitisha, na sikutaka wanachuo wamwone mkuu wao akikaa nyuma bila ya kuelewa. Miaka michache baadaye nilikutana na mkuu wa chuo alikohamishiwa. Akanisifia mtu yule kwamba ni hazina. Nikamwuliza alimfanyaje. Akasema: "Nilikaa nyuma ya darasa lake wiki tatu, tukaona kwamba anafundisha ubao badala ya watu. Tukarekebisha."

Hiyo ndiyo sababu maandazi yalinishinda asubuhi ile ya Novemba.

Sisemi kwamba kocha yule wa ngome alionewa. Kazi yake ilipimwa uwanjani na uwanja haukuficha. Hata hivyo kelele nilizopiga mimi na watu wa Coliseum zilimlenga mtu mmoja, kana kwamba alijiajiri. Aliyemleta kutoka Oklahoma alikuwa kocha mkuu, na alikuwa akiijua kazi yake tangu huko. Aliyembakiza baada ya Las Vegas na baada ya Tulane ni kocha mkuu huyo huyo. Mkuu anayependa upande mmoja wa chuo chake, akaufanya ung'are, huishia kuuachia upande wa pili makaratasi na imani. Nasema hayo bila ya dharau yoyote kwa Bwana Riley, maana katika sentensi hiyo nimeandika wasifu wangu mwenyewe.

Kwa haki ya uhakiki lazima niseme pia yaliyofuata, kwa sababu yananipinga kidogo. Tarehe 18 Novemba 2023, wiki mbili baada ya Grinch kuondoka, Trojans walifungwa 38 kwa 20 na jirani zao UCLA. Kocha wa ngome wa UCLA alikuwa kijana anayeitwa D'Anton Lynn. Kabla ya mwaka kwisha Trojans wakamchukua. Msimu wa 2024 ulipomalizika nilikuwa nimekwisha kurudi nyumbani, nikamwomba mjukuu anitumie matokeo yote ya miaka hiyo miwili. Nikajumlisha kwa kalamu ya risasi, kama nilivyokuwa nikijumlisha alama za mitihani. Mwaka 2023, katika michezo 13, ngome iliruhusu pointi 447. Mwaka 2024, katika michezo 13 vilevile, iliruhusu 313. Tofauti ni pointi 134, yaani zaidi ya pointi 10 kwa kila mchezo.

Takwimu hizo zilinifurahisha kuliko ushindi wowote. Wapo watu, hata miongoni mwa walimu, wanaosema kwamba vijana wa sasa hawafundishiki, kwamba wamelegea, kwamba wanataka sifa bila ya jasho. Nimesikia maneno hayo yakisemwa juu ya wale walinzi wa Trojans, na nimeyasikia kwa miaka arobaini yakisemwa juu ya wanachuo. Baadhi ya walinzi walikuwa wapya, ni kweli, lakini wengine walikuwa ni wale wale waliochekwa mwaka uliotangulia. Miguu yao ilikuwa ile ile, na saa zao za mazoezi ni 20 zile zile kwa wiki. Walifundishwa upya, wakajua.

Na bado mwaka 2024 timu ilishinda michezo 7 na kupoteza 6, pungufu ya mwaka uliotangulia, ambao waliumaliza na 8 kwa 5. Walifungwa na Michigan kwa tofauti ya pointi 3, Minnesota kwa 7, Penn State kwa 3, Maryland kwa 1, Washington kwa 5. Michezo mitano imepotea kwa jumla ya pointi 19. Ngome ilipopona, kumbe upande wa kushambulia nao ulikuwa umeanza kukohoa; Caleb Williams alikuwa amekwisha kwenda kwenye timu za kulipwa. Mjukuu alinipigia simu akilalamika sasa juu ya washambuliaji. Nilimwuliza ni nani anayewasimamia hao. Akanyamaza, kisha akacheka. "Babu," akasema, "sasa yuko darasani kwake mwenyewe."

Yule rafiki yangu mkufunzi alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumwambia haya. Nilihudhuria mazishi yake. Wanafunzi wake wa kile chuo cha pili walikuwa wengi, na mmoja wao, mwanamke ambaye sasa ni mwalimu mkuu, alisimama akaeleza jinsi alivyofundishwa naye kutoa kwa kukopa kwa kutumia vijiti vya kibiriti, hatua kwa hatua, mpaka akaelewa kwa nini na si namna tu. Kutoka chuo changu hakusimama mtu.

Ikiwa wewe unayesoma ni mkuu wa shule, au wa idara, au wa nyumba tu, basi kesho asubuhi chukua kiti ukakae nyuma ya darasa lile usilolipenda. Usiende na daftari la makosa siku ya kwanza. Kaa tu, usikilize. Mimi nilianza kufanya hivyo mwaka wa tano wa ukuu wangu, na katika kipindi cha kwanza cha Hisabati sikuelewa neno. Kipindi kilipokwisha, mwanachuo mmoja wa kiti cha jirani alinigeukia akaninong'oneza: "Mkuu, hata sisi."